Siku Mama Alipoenda Kuona Pesa Yake

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na naanza na hilo mapema ili mtu asije akanicheka baadaye. Miaka ishirini na minne nimesimama mbele ya ubao hapa Nakuru, na hata leo nikienda sokoni wanafunzi wangu wa zamani, wengine sasa na vipara, huniita "Madam wa X". Kwa hivyo mdogo wangu alipotaka mtu wa kuichunguza ile benki ndogo ya kule nyumbani, aseme kama inaaminika au haiaminiki, hakuhangaika kutafuta. "Si tuko na mwalimu wa hesabu?" akasema. Nami kwa kiburi changu nikakubali. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja.

Kilichotusukuma ni nyonga ya mama. Ya kulia ilikuwa imeisha, ndivyo alivyosema daktari, akatuonyesha kwenye picha mahali ambapo mfupa ulikuwa unasagana na mfupa mwenzake. Mama alitembea akivuta mguu, na asubuhi za baridi alikuwa anatambaa kutoka kitandani hadi mlangoni, jambo alilotuficha mpaka jirani yake alipotuambia. Daktari alitupa tarehe ya upasuaji, wiki sita mbele. Bima ya serikali ingelipa sehemu. Iliyobaki, laki tatu na nusu, ilikuwa akiba ya mama mwenyewe ya maziwa na ndama, na yote ilikuwa katika ile benki.

Naiita benki kwa sababu sisi sote tunaiita hivyo. Kusema kweli ilianza kama chama cha wauza maziwa, mbele kidogo ya Olenguruone, watu wakikopeshana pesa za dawa ya kupe. Siku hizi ina jengo la vyumba vinne, kaunta mbili zenye vioo, mlinzi mwenye rungu, na kalenda inayogawiwa kila Desemba. Mama hajawahi kutupa hata moja ya hizo kalenda. Jikoni kwake amezibandika ukutani, mpya juu ya za zamani, mpaka misumari haishiki.

Mdogo wangu anaishi Kihoto, kule Naivasha, na anafanya kazi katika shamba la maua. Yeye zamani alikuwa anaficha akiba yake ndani ya godoro. Ziwa likapanda akiwa kazini, akarudi akakuta godoro limelowa tepetepe, akaanika noti kwenye kamba pamoja na soksi za watoto. Tangu siku hiyo haamini kitu kisicho na ghorofa. "Benki ni ghorofa," huniambia. "Hiyo yenu ni duka limepakwa rangi." Alitaka pesa ya mama itolewe mara moja, iletwe mjini.

Mama naye hakutaka kusikia. Alisema wale watu wanamjua, wanajua hata ng'ombe wake kwa majina, je, huko mjini nani anamjua? Baada ya simu nyingi tukafikia hapa: mimi nichunguze. Nikisema benki ni nzuri, pesa ikae pale mpaka siku ya hospitali. Nikisema ni mbaya, itoke siku hiyo hiyo. Tukikosea, mama angebaki akitambaa. Hilo nililijua vizuri tangu mwanzo, na ndilo lililoninyima raha.

Bahati yangu, mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa Jumamosi iliyofuata, nami nikaenda na kitambulisho cha mama. Tulikaa chini ya hema kwenye uwanja wa shule. Kila mtu alipewa kijitabu cha hesabu za mwaka, na wengi walikitumia kujikinga jua. Mimi nikatoa kalamu nyekundu. Mkaguzi wa nje alikuwa ameandika kwamba hesabu ni safi, nikatia alama ya vema. Gawio la wanachama lilikuwa juu kuliko la benki yoyote ninayoijua mjini, nikatia vema nyingine, kisha mkono ukasita. Wanatoa wapi pesa ya kulipa hivyo? Wenye ghorofa zao wameshindwa, hawa wa vyumba vinne wameweza? Nikaifuta ile vema nikaweka alama ya kuuliza. Mikopo ilikuwa imepanda sana, maana yake watu wanaiamini benki yao, au maana yake pesa zote zimetoka nje na hazijarudi. Nikaandika vema na alama ya kuuliza pamoja. Nilipofika ukurasa wa mwisho kijitabu changu kilifanana na daftari la mtoto wa kidato cha kwanza, na hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma.

Wanachama wenzangu hawakuwa na haja ya kalamu. Mzee mmoja aliinuka, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa limewasumbua wote tangu asubuhi. "Mwaka jana tulipewa soda na mkate. Mwaka huu ni soda peke yake. Mkate ulienda wapi?"

Wee! Hema zima liliamka. Mama mmoja akasema mkate umekatwa kwa sababu benki inaanguka na viongozi wanajua. Mwingine akamjibu kwamba la, mkate umekatwa kwa sababu viongozi wamekuwa na adabu, hawatafuni pesa ya watu, na kama wangeleta mikate na kuku hapo ndipo yeye angetoa akiba yake. Walibishana karibu saa nzima. Nilikuja pale nikiwacheka moyoni, lakini nilipowasikiliza nikaona kila upande una maneno ya maana, na kwamba mimi na kalamu yangu nyekundu hatukuwa mbele yao hata hatua moja. Nilikunywa soda yangu. Ilikuwa ya moto.

Wiki iliyofuata nilimwendea meneja. Ni kijana wa huku huku, mtoto wa mwalimu, anavaa koti lililochakaa mikononi na anaendesha pikipiki. Nikajiambia, huyu haibi. Kisha nikajiambia, au anajua kwamba watu wataangalia koti. Leseni ilikuwa ukutani ndani ya fremu, lakini nilipoisogelea nikaona muda wake umepita. Nilipomuuliza hakubabaika. Alitoa risiti ya malipo ya leseni mpya, akasema karatasi yenyewe inashughulikiwa Nairobi. Risiti ilikuwa halali. Leseni ilikuwa imepitwa. Sasa niandike nini?

"Pesa za watu ziko wapi?" nikamuuliza waziwazi.

"Madam, pesa haikai kwa sefu," akasema. "Ikikaa kwa sefu haizai. Iko kwa mashamba ya watu. Ile ya mama yako saa hii iko chini ya udongo, ni viazi."

"Na viazi vikikosa bei?"

"Tunangoja maziwa."

"Na kampuni ya maziwa ikichelewa kulipa?"

Alitabasamu kidogo. "Mwezi huu wamechelewa," akasema.

Nilipenda ukweli wake, na ukweli wenyewe ukanitisha. Nje nilimkuta mlinzi, nikaona nimdodose. Watu wadogo ndio wanajua mambo. Aliniambia mshahara wake haujaingia. Aha, nikasema moyoni, tumefika. Nikamuuliza yeye akiba yake anaweka wapi.

"Si ni hapa hapa," akasema, akionyesha mlango kwa rungu, kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi.

Nilishindwa. Nikakaa ndani ya gari langu nikajicheka, kisha nikajikasirikia. Hesabu ninayoifundisha ina jibu nyuma ya kitabu. Hapa kila nilichokigusa kilikuwa na sura mbili, na mdogo wangu alikuwa anaandika kwenye grupu ya familia kila jioni: "Mwalimu, hiyo benki ni nzuri ama si nzuri?" Nilikuwa naandika jibu, nalifuta, naandika tena. Wiki nne zilipita hivyo. Zilibaki mbili tu kabla ya upasuaji.

Ndipo mama akachoka na mimi. "Umesoma karatasi mwezi mzima na hujasema neno," aliniambia. "Nipeleke nikaone pesa yangu."

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa mbali atadhani mama alikuwa anatania. Sisi ni watu wa ng'ombe. Zamani mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja, wasije wakaisha kwa ugonjwa mmoja. Aliwapeleka wengine kwa rafiki, mbali, hata siku mbili kwa miguu. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako. Na mara moja moja unaenda kumwona. Hutumi habari kwamba unakuja. Unafika, unaletewa ng'ombe wako, unamwekea mkono mgongoni, unakunywa chai, unarudi kwako na roho imetulia. Babu alifanya hivyo maisha yake yote.

Mama alifanya hivyo kwa benki. Mara mbili kwa mwaka alikuwa anavaa sweta yake nzuri, anaenda pale, anasema, "Nimekuja kuona pesa yangu." Mara ya kwanza walicheka. Lakini meneja alikuwa mtoto wa huku, alielewa. Akamwingiza chumba cha ndani, akafungua sefu, akatoa noti za kiasi kile kile cha akiba yake, akaziweka mezani. Mama akaweka mkono juu yake, akashukuru, akaenda zake. Ikawa desturi yao wawili. Mimi nilipojua niliona aibu. Nilimwambia, "Mama, hizo si zako hasa. Pesa zote zimechanganyika."

"Najua," akasema. "Hata maziwa yanachanganyika kwa tangi, na bado nalipwa yangu."

Basi tukaenda. Kwa ujinga wangu nilichagua siku ya soko. Ukumbi ulijaa watu na harufu ya sweta zilizonyeshewa. Mama alikuwa ameegemea fimbo, na hapakuwa na kiti. Tulipofika kaunta, msichana wa keshia akasema bila kuinua macho, "Mathe, sistemu imelala. Rudi Alhamisi."

"Sihitaji sistemu," mama akasema kwa upole. "Nataka kuona tu."

"Alhamisi, mathe."

Tulisimama. Nusu saa nzima. Nilimtazama mama akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, midomo imekazwa, na jasho juu ya mdomo ingawa kulikuwa na baridi. Niliuliza meneja yuko wapi, nikaambiwa ana shughuli. Najijua, mimi nina hasira ya karibu. Mkusanyiko wa mwezi mzima wa alama za kuuliza ulinipanda kooni, na nikapaza sauti ile ninayotumia kunyamazisha darasa la watoto sitini. Na sikusema kwa lugha yetu, nilisema kwa Kiswahili, kila mtu asikie.

"Pesa ya mgonjwa iko wapi? Mmeipeleka wapi? Iko au haiko? Semeni!"

Keshia akainua macho sasa. Kijana mmoja karibu na mlango akamuuliza mwenzake, "Niaje, benki imeanguka?" kisha akatoka nje, simu tayari iko sikioni.

Meneja alitokea mbio. "Kogo, karibu, karibu ndani," akamwambia mama, akimwita nyanya kwa lugha yetu kama kawaida yake. Hakunitazama. Kile chumba cha ndani ni kidogo, hakiingii watu watatu, kwa hivyo nilibaki mlangoni nikiupa ukumbi mgongo. Walikaa dakika kama kumi. Mama alipotoka alikuwa ameshika mfuko wake wa kitambaa kifuani kwa mikono miwili, na fimbo kwapani.

"Amenipa zote," akaniambia polepole. "Amesema kama binti yangu ana wasiwasi, nibebe."

Nilijiona mshindi, siwezi kudanganya. Ndani ya gari nilizihesabu mara mbili, zikatimia. Nikamwandikia mdogo wangu: "Tumezitoa zote." Akanijibu kwa vikatuni saba vinavyocheza. Kesho yake tungeshuka Nakuru tuziweke kwenye benki yenye ghorofa, kisha tungoje siku ya daktari. Nilimwendesha mama mpaka nyumbani nikiimba. Yeye hakuimba, alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Saa kumi jirani alikuja. Ni yule aliyetuambia habari za kutambaa, mama ambaye amebeba mitungi ya maziwa pamoja na mama yangu tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Hakukaa. Alisema alikuwa amepanga foleni tangu saa saba, na kwamba foleni ilitoka benki ikapita duka la dawa za mifugo ikafika kwenye mzani wa viazi. Alisema wamefungiwa mlango usoni, wakaambiwa warudi kesho. Pesa aliyoipata kwa kuuza ng'ombe mwezi uliopita, ya karo ya mjukuu wake, ilikuwa mle ndani.

"Lakini watu wamekimbilia nini?" nikauliza.

Alitazama sakafu. "Wanasema kuna mwalimu wa hesabu kutoka Nakuru, ameangalia vitabu vyote akaona hakuna kitu. Amemtolea mama yake pesa haraka."

Mimi! Mimi ambaye sikuwa nimeona kitu, mimi niliyezunguka mwezi mzima bila kujua kushoto wala kulia, sokoni nilikuwa nimekuwa shahidi. Nilitaka kukimbia barabarani nimshike kila mtu nimwambie sijui, jamani, sikusema hivyo, mimi sijui chochote. Lakini nani angeniamini? Nilikuwa nimetoka pale na mfuko mbele ya macho yao. Na bado, katikati ya aibu hiyo, kuna sauti ilikuwa inaniambia: huenda wako sawa. Huenda ni kweli hakuna kitu, na sisi tumeponea chupuchupu. Sikujua nijute au nishukuru.

Mama alimpa jirani chai, akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

Asubuhi nilimkuta amevaa ile sweta nzuri. Tukaingia kwenye gari, mfuko kifuani. Tulipofika mbele ya benki foleni ilikuwa imeshafika kwenye mzani wa viazi tena, watu wamejifunika mablanketi, meneja amesimama mlangoni akiwasihi kwa mikono.

"Simama," mama akasema.

"Mama, twende, tutachelewa."

"Nimesema simama."

Aliteremka. Nilidhani anataka kumsalimia jirani yake, ambaye nilimwona mbele mbele kwenye foleni. Alitembea polepole, akivuta ule mguu, kupita watu wote. Alipofika mlangoni akageuka, akatoa zile pesa kutoka mfukoni, akaziinua juu. Akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, "Jana nilikuja kuziangalia. Nimeziona. Sasa nazirudisha." Akaingia ndani.

Mzee mmoja, nadhani ni yule wa mkate, alicheka kwa mshangao. "Kama huyu mgonjwa anarudisha," akasema, "mimi nimesimama hapa na baridi hii nafanya nini?" Akakunja blanketi lake. Wengine wakamfuata, si wote. Jirani yetu alibaki, akalipwa. Waliobaki walilipwa kidogo kidogo mpaka jioni, na keshoye foleni ilifika mlangoni tu. Wiki iliyofuata kampuni ya maziwa ilianza kulipa.

Mimi siku hiyo nilimsikia mama tu, mengine nilisimuliwa baadaye. Mimi nilikuwa ndani ya gari nimeshika usukani. Mama aliporudi nilimpigia kelele, Mungu anisamehe, nilimpigia kelele mama yangu mzazi. "Mama, nyonga! Umefikiria nyonga?"

"Nyonga iko hapa," akasema, akijipapasa. "Haijaenda mahali."

Tarehe ya daktari ilipita. Benki haikuweza kumpa mama pesa zake zote mara moja. Walimlipa nusu baada ya wiki saba, na nusu nyingine baadaye kabisa. Katikati hapo ilikuwa miezi ya baridi, na baridi ya kule si ya mchezo. Nilikuwa naenda kila Ijumaa baada ya vipindi, na kila Jumamosi asubuhi nilimwona akitambaa kutoka kitandani hadi mlangoni, sasa hata hafichi. Nilimwinua, akaniambia nisimwinue hivyo, sijui kuinua mtu. Mdogo wangu aliacha kuzungumza na mimi kwa muda. Nilimkasirikia meneja, nikamkasirikia mama, na kila nilipotafuta wa kumkasirikia zaidi nilijikuta narudi kwangu.

Upasuaji ulifanyika hatimaye. Daktari alisema tumechelewa, mfupa ulikuwa umeliwa zaidi, lakini ameweza. Sasa mama anatembea kwa fimbo moja. Mguu wa kulia ni mfupi kidogo, kwa hivyo kiatu chake tumekitia soli ya pili.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake. Tulikaa nje ya jikoni, kwenye jua la saa nne, tukingoja viungo vyake vipate joto ndipo afanye mazoezi yake ya kutembea. Nilikuwa nimekuja na kile kijitabu changu chenye alama nyekundu, maana bado kilinisumbua, na meneja siku hizo alikuwa amenialika nije niwaelezee wanachama jinsi ya kusoma hesabu. Mimi! Nikamuuliza mama swali ambalo sijui kwa nini sikuwahi kuliuliza.

"Siku ile, kule ndani, uliona nini?"

"Nini?"

"Alipofungua sefu. Wewe ndiye uliingia."

Alifikiri. Kisha akachora pembe nne mchangani kwa ncha ya fimbo. "Sefu iko hivi. Alitoa zangu zikiwa hapa mbele. Nyuma yake nikaona ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa sefu. Chuma. Nimeenda pale miaka mingi, sijawahi kuuona huo ukuta. Siku zote kuna pesa za watu mbele yake."

"Unasema hakukuwa na kitu kingine?"

"Kulikuwa na zangu."

"Na asubuhi ukarudisha? Ukijua?" Sauti ilinipanda tena, sikuweza kuizuia. "Mama, wale watu walilipwa na nyonga yako! Kama kampuni ya maziwa haingelipa? Ungetambaa mpaka kufa!"

Aliniacha nimalize. Mama hajawahi kunikatiza, hata nikiwa mtoto. Kisha akaifuta ile sefu ya mchangani kwa kiatu chenye soli mbili.

"Wale watu, ni nani aliwatisha?" akauliza.

Nilikikunja kile kijitabu changu.

"Walikuwa wanasema mwalimu, mwalimu. Huyo mwalimu ni mtoto wa nani?" Hakuwa na hasira, alikuwa ananieleza tu. "Unataka niwekewe nyonga mpya, sawa. Halafu nipite nayo wapi? Hiyo njia ya kwenda kisimani inapita kwa nani?"

Njia ya kisimani inapita kwa jirani yake, mlangoni kabisa. Nilijua, na hili ndilo jambo moja katika habari hii yote ninalolijua bila alama ya kuuliza, kwamba mimi kama ningeuona ule ukuta ningekimbia na ule mfuko mpaka Nakuru bila kugeuka nyuma. Swali la mdogo wangu, benki ni nzuri ama si nzuri, bado liko kwenye simu yangu, sijalijibu.

Mama alinyoosha mkono nimwinue. Nilimwinua jinsi alivyonifundisha, kutoka chini ya kwapa, tukatembea mpaka langoni na kurudi.